Mimi fundi saa, mwanangu kapewa KOSA kwenye swali la kuchora saa. Mwalimu yule yule mnayemjua

Wakuu, salaam sitoi, nina hasira. Modi usiunganishe uzi huu na ule wa michango ya shule.

Yule mwalimu wa kalamu nyekundu mnamjua, sina haja ya kumtaja. Anayetembea koridoni kama anakagua gwaride. Leo kanifikia mimi.

Mwanangu yuko la tatu. Jana karudi na swali la hisabati: chora saa inayoonesha saa mbili na robo asubuhi. Nikasema Mungu kanikumbuka, maana kwenye Historia ya Tanzania na Maadili huwa najifanya nina simu ya kupiga. Ila SAA? Mimi ni fundi saa wakuu. Miaka kumi na minne nina lenzi jichoni. Saa ya ofisi ya mwalimu mkuu wa shule hiyo hiyo betri nimeitia mimi!

Tukachora duara kwa mfuniko wa kopo la maziwa. Mshale mrefu kwenye tatu. Mshale mfupi kwenye nane, tena sikuuweka juu ya nane kabisa, niliusogeza kidogo kuelekea tisa, kwa sababu robo ikishapita mshale mfupi hautulii pale pale. Ni kazi ya kutundikwa ukutani. Dogo akalala anatabasamu.

Leo saa saba mchana simu inatetemeka kibandani. Grupu la wazazi wa darasa la tatu. Picha ya daftari la mwanangu. KOSA kubwa jekundu, limetoka pembe hii ya ukurasa hadi ile, limetoboa karatasi. Chini yake: "Aliyekusaidia naye aje Jumatatu, akae dawati la mbele."

Dawati la mbele wakuu. MIMI.

Eti mshale mfupi ulitakiwa uwe kwenye mbili! Kwani yeye asubuhi akiambiwa ni saa mbili, ile saa ya mkononi kwake mshale unakuwa kwenye ngapi? Au huko kwao jua linatoka kwa ratiba nyingine?

Wazazi sabini na kitu wameiona. Mmoja kacheka vile vikatuni vya kutoa machozi kumi na viwili, nimevihesabu. Mteja alikuwa mbele yangu anasubiri saa yake, akachungulia simu, akasoma "dawati la mbele", akaichukua saa yake mezani ikiwa bado imefunguka mgongo. Akaondoka nayo hivyo hivyo.

Dawati la mbele jamani.

---

Chumvi Nyingi
Siti ya mbele nimewahi. Samahani, siti ya mbele ni ya mleta uzi.

Korosho Mbichi
Sasa nimeelewa kwa nini saa uliyonitengenezea inanichelewesha kazini. Umenitilia mshale wa darasa la tatu.

Mama Wawili
Pole baba. Ila na mimi ningeweka kwenye mbili. Saa mbili ni mbili. Nane imetoka wapi tena?

Fundi Saa wa Kona (mleta uzi)
Mama Wawili, shika saa yoyote ya ukutani kesho ikifika saa mbili asubuhi. Uitazame. Halafu urudi hapa uniombe radhi.

Mama Wawili
Nyumbani kwangu saa ya ukutani ilisimama tangu msiba wa mama mkwe.

Mzee wa Kigamboni
Vijana mnagombana bure. Sisi tunahesabu toka jua linapochomoza, na huku kwetu linachomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi mwaka mzima, kwa hiyo saa moja ni saa ya kwanza ya mchana. Huo uso wa saa wenye kumi na mbili juu tumeuazima kwa Mzungu, yeye anaanza kuhesabu usiku wa manane. Ndiyo maana tumepishana saa sita. Bibi yangu hakwenda shule hata siku moja, na alikuwa anasoma saa kwa mkia: mshale mfupi ukielekea nane, yeye anatazama ng'ambo yake, anakuta mbili. Hakukosea. Wahabeshi nao wanahesabu kama sisi.

Korosho Mbichi
Kwa hiyo bibi yako ndiye akae dawati la mbele afundishe.

Chaki Nyeupe
Mimi mwalimu, la tatu pia, mkoa mwingine. Hiyo mada ya wakati ni kaburi. Nachora saa ubaoni, mtoto mmoja anasema nane, wa pili anasema mbili, na kipindi kinachofuata ni Kiingereza, anaambiwa hiyo hiyo ni "eight o'clock". Akifika nyumbani simu ya mama imeandika 8:15, anasoma "saa nane na robo", anadhani amechelewa chakula cha mchana. Nina watoto 104 na madawati ya kukaa wanne wanne. Huyo mwenzangu amekosea kusahihisha, sawa. Lakini hilo dawati la mbele alilokupa, mshukuru. Kwangu ungekaa sakafuni.

Fundi Saa wa Kona
Kwa hiyo unakubali amekosea!! Screenshot nimechukua, naipeleka kwenye grupu.

Chumvi Nyingi
Usipeleke mkuu. Jumatatu utahamishiwa la pili.

Bwana Shamba
Hii chai. Fundi saa gani siku hizi anapata wateja, watu wote wanatazama saa kwenye simu.

Fundi Saa wa Kona
Wewe uliyejiita Bwana Shamba una shamba wapi?

Baba Grade Three
Nyinyi mna bahati, mnaulizwa saa tu. Njooni hapa Nairobi. Mtaala wetu ni CBC, sasa wanauita CBE, lakini mzigo ni ule ule. Juzi saa nne usiku mtoto ndio anakumbuka kesho anatakiwa na nyumba ya maboksi. Nimezunguka mtaa mzima nikiamsha wenye maduka. Nimekata, nimegundisha, nimepaka rangi, asubuhi nikaambiwa mtoto ana kipaji.

Mama Wawili
Huku kwetu nako kumeanza, wameniomba chupa tupu, kamba na udongo kwa ajili ya Sanaa na Michezo. Udongo! Nakaa ghorofa ya tatu, udongo niutoe wapi?

Korosho Mbichi
Kwenye kopo la maua la jirani.

Mama Wawili
Ndiko nilikotoa. Hatusalimiani mpaka leo.

Fundi Saa wa Kona
Wakuu turudi kwenye mada. Dawati la mbele.

Bwana Shamba
Mimi kinachoniumiza ni hawa la tatu wa 2024. Kwa mtaala mpya wanamalizia la sita 2027, mwaka ule ule na la saba wa mtaala wa zamani. Madarasa mawili yanagombea fomu wani moja. Mwaka huo nina mmoja la sita, mmoja la saba, na mke kashaanza kuniangalia vibaya. Sare mbili, madaftari mara mbili, kwa mwezi mmoja.

Chaki Nyeupe
Si elimu bila ada?

Bwana Shamba
Ada haipo kitambo, mwalimu. Sasa nipigie hesabu ya mtihani wa kila Ijumaa, rimu, uji, mlinzi, na tuisheni ya kufundishwa kile kile alichotakiwa kufundishwa mchana.

Mama Wawili
Kwenu uji bei gani?

Bwana Shamba
Mia tatu kwa siku, na mtoto anasema hauna sukari.

Mama Wawili
Kwetu mia tano na hauna unga.

Fundi Saa wa Kona
Jamani uzi wangu.

Baba Grade Three
Mia tano ya Tanzania? Hiyo kwetu ni kama shilingi ishirini na tano. Nileteeni huo uji.

Chumvi Nyingi
Kuna anayejua Kariakoo wanauza wapi kaunta buku kwa bei ya jumla? Nataka dazeni mbili kabla ya muhula ujao.