Tupeane uzoefu: kununua dola na kuzikalia, kuna faida? (Mwanza na Kanda ya Ziwa)

Vipuri Kirumba (mwanzisha mada)

Mwangaluka wadau.

Naomba tukae kwenye jambo moja: je, kununua dola, au fedha yoyote ya kigeni, na kuikalia ukisubiri ipande ni uwekezaji wa maana? Nauliza kwa sababu watu wangu wa karibu wanaingiza humo mafao yao, hela ya kiwanja walichouza, hela ya mpunga. Hoja yao ni moja tu: shilingi inashuka, dola inapanda, basi.

Mimi nauza vipuri vya injini za boti. Mzigo nalipia kwa dola, wavuvi wananilipa kwa shilingi, kwa hiyo bei ya dola naiangalia kila asubuhi kabla sijafungua duka. Nimeiona ikikaa kwenye 2,300 kwa muda mrefu mpaka watu wakaisahau. 2023 ikaanza kupanda na kuadimika: unaenda benki, bei iko ubaoni, dola zenyewe hakuna, unaambiwa acha namba ya simu. Septemba na Oktoba 2024 ikavuka 2,700. Halafu Desemba hiyohiyo ikaporomoka hadi karibu 2,400. Aliyenunua dola 2,000 kwa 2,700 alitoa shilingi 5,400,000. Akizirudisha dukani kwa 2,380 anapokea 4,760,000. Laki sita na arobaini zimekwenda na hakuna aliyemwibia.

Sababu zinajulikana. Kuanzia 2022 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu na sifuri hadi kupita asilimia 5, na wenye dola duniani wakazirudisha huko. Vita ya Ukraine nayo ikapandisha mafuta na mbolea, vitu tunavyoagiza kwa dola. Septemba 2024 Marekani wakaanza kushusha riba, na kwetu huku ukawa msimu wa watalii, dhahabu na korosho kuleta dola. Haya yote tunayaeleza vizuri baada ya kutokea. Kabla hayajatokea, mkazi wa Buzuruga mwenye milioni tano hana namna ya kuyaona vizuri kuliko benki zinavyoyaona.

Msimamo wangu ni huu: dola inamfaa mwenye matumizi ya dola. Anayeinunua ili aje aiuze ghali zaidi anabeba hatari kubwa kwa malipo yasiyo na uhakika. Lakini siyo lazima niwe sahihi. Leteni yaliyowakuta, na mkiweza tajeni bei na mwaka, maana "nilipata faida nzuri" haitusaidii.

Mama wa Mwaloni

Asante kaka kwa mada. Mimi niko Mwaloni, nauza dagaa. Wateja wangu wa Kongo kwao dola ndiyo hela ya kila siku, kwa hiyo dola nimezishika sana mkononi. Tangu zije kanuni za Machi 2025 za kukataza kuuza bidhaa kwa fedha za kigeni, nawaambia wabadilishe kwanza ndipo tuhesabiane.

Wanaosema "nunua uweke ndani" hawasemi noti yenyewe ikoje. Ukifika dirishani, yule binti anaichukua noti yako, anaigeuza, anaiinua kwenye mwanga, anapitisha kucha kwenye kola ya yule mzee wa kwenye picha kuhisi mikwaruzo. Za 100 na 50 zina bei yake, kuanzia 20 kushuka zina bei ya chini. Za zamani zenye picha ndogo ya kichwa anakurudishia. Iliyochanika hata kidogo pembeni, au yenye mhuri, au iliyoandikwa kwa kalamu, anakurudishia au anakukata.

Dada yangu alizifunga zake kwenye mfuko wa nailoni, akaziweka chini ya sanduku la nguo. Nyumba iko karibu na maji, masika ikaingia unyevu, noti zikatoka madoa ya kahawia. Siku ya kuuza bei ya dola ilikuwa imepanda kweli, lakini alizunguka mji mzima na kila duka lilimpa bei ya noti mbovu. Faida yote ikaishia hapo.

Dalali Makoroboi

Nitasema upande wa pili, msije mkadhani kila mtu alipoteza. Desemba 2024 wenzenu wakikimbia kuuza, mimi na mshirika wangu tulinunua. Bei ilikuwa 2,420. Mwishoni mwa Aprili 2025 nikauza zangu kwa 2,660. Kwa kila dola 3,000, milioni 7 na laki 2 na 60 zikawa milioni 7 na laki 9 na 80. Ni karibu asilimia 10 kwa muda usiofika nusu mwaka, na hakuna benki ambayo ingenipa hiyo.

Niliangalia msimu tu. Desemba dola zilikuwa nyingi kuliko kawaida, na nilijua baada ya mwaka mpya watalii na mazao hupungua, waagizaji wanarudi sokoni.

Ila mshirika wangu alisema tusubiri 2,800. Kufika Septemba 2025 dola ilikuwa inacheza 2,450 na kidogo, yaani yuko palepale tulipoanzia, na hela yake imelala miezi tisa.

Vipuri Kirumba

@Dalali Makoroboi nashukuru kwa uwazi. Swali langu, mkuu: kama ungekuwa mwalimu mstaafu asiyeingia mjini kila siku, ungejua siku ya kutoka? Ninyi wawili mlikuwa na taarifa ileile na mtaji uleule, mmoja kapata, mwingine bado anasubiri.

Dalali Makoroboi

Hapana mkuu, nisingejua. Mimi nashinda barabarani, nasikia waagizaji wanatafuta kiasi gani. Kwa mstaafu nisingemshauri.

Mwalimu Nyegezi

Naomba tuangalie miaka mirefu. Mwanzoni mwa 2016 dola ilikuwa kwenye 2,180 hivi. Mwishoni mwa 2022 ilikuwa 2,310 hivi. Miaka saba, aliyekalia dola amepata kama asilimia 6 kwa jumla, kabla ya kukatwa tofauti ya bei ya kununua na kuuza. Katika miaka hiyo hiyo hatifungani ya serikali ya miaka 20 (unaikopesha serikali, inakulipa riba, muda ukiisha inakurudishia hela yako) ilikuwa na riba ya asilimia 15.49 kwa mwaka. Milioni tano humo inaleta 774,500 kila mwaka, inaingia kwenye akaunti mara mbili kwa mwaka bila kuangalia ubao wa duka lolote.

Mume wangu alikuwa anataka dola, mimi nikataka hatifungani. Tuligawana nusu kwa nusu ili tusigombane. Sasa hivi ada za watoto zinatoka kwenye nusu yangu, na hata yeye anakiri.

Riba za hatifungani mpya zilishushwa 2022, ile ya miaka 20 ikawa asilimia 12.10. Hata hivyo, dola inayolala kabatini riba yake ni sifuri, na ili ifikie hapo lazima ipande asilimia 12 kila mwaka, mfululizo. Nani ameiona ikifanya hivyo?

Mfanyabiashara Sirari

Mwalimu, 2015 ilifanya. Ilitoka 1,700 na kidogo ikapita 2,100 ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo kuna miaka mingi ya utulivu na mwaka mmoja unaoruka. Tatizo ni kwamba huambiwi ni upi.

Mimi nataka kuleta habari ya shilingi ya Kenya, kwa sababu kwetu mpakani dola tunaisikia tu, hela inayotembea ni ya Kenya. Zamani kidogo ukitoa shilingi moja ya Kenya ulipewa 20 na zaidi za kwetu. Ikashuka polepole, na Januari 2024 huko kwao dola moja ilifika shilingi 160, kwetu mpakani ya Kenya ikawa kwenye 15 na kitu. Watu wa Isebania, upande wa Kenya, walikuwa wanauza hadi ng'ombe wanunue dola, wakiamini itafika 200.

Februari 2024 serikali yao ikakopa upya nje, dola bilioni 1.5, ikaanza kulipa deni la Eurobond (hatifungani ya dola iliyouzwa kwa wawekezaji wa nje) lililokuwa linawatisha wote. Hofu ikaisha. Kufika mwisho wa Machi dola ilikuwa kwenye 130. Aliyenunua kwa 160 alipoteza karibu moja ya tano ya hela yake kabla mahindi hayajaota vizuri.

Mimi nilikuwa na shilingi za Kenya za mauzo ya vitunguu na sikuzibadilisha, kwa sababu nilikuwa na mzigo wa kulipia Kisii. Zikapanda zenyewe mkononi mwangu. Sikuwa nimebashiri chochote. Nilikaa na hela ya nchi ninayonunulia bidhaa.

Mzee wa Musoma

Vijana, nawasoma kwa makini. Ninyi mnaongelea faida, sisi tuliongelea sabuni. Miaka ya themanini maduka yalikuwa matupu na shilingi haikununua kitu. Mwaka 1986 peke yake shilingi ilitoka 17 kwa dola ikapita 40. Mwenye hela ya kigeni alivuka ziwa akaja na chumvi, khanga na betri. Lakini kuwa nayo ilikuwa kosa. 1983, enzi za Sokoine, msako wa wahujumu uchumi ulipopita, watu walitupa mali zao usiku. Maduka ya kubadilisha fedha yalikuja kuwa halali 1992.

Kwa hiyo msishangae wazee wenu wakiwahimiza dola. Wanakumbuka siku ambazo shilingi ilikufa mikononi mwao, na hofu hiyo haiondoki kwa kuonyeshwa hesabu ya asilimia 6.

Vipuri Kirumba

Shikamoo mzee. Umenifungua macho, sikuwa nimelitazama hivyo. Baba yangu mzazi bado anauliza bei ya dola kila nikimpigia, na hana dola hata moja.

Mzazi Nyakato

Mimi nina mtoto anasomea udaktari India. Ada ni ya dola. Kila mshahara ukitoka nanunua kidogo naweka kwenye akaunti ya dola, iwe imepanda au imeshuka. Wakati dola ilipoadimika nilikuwa na ada ya muhula mzima tayari, wazazi wenzangu walikuwa wanahangaika wakinunua mtaani kwa bei ya juu kuliko ya ubaoni. Desemba bei iliposhuka sikuumia, kwa sababu ada haikubadilika: ni dola zilezile.

Kijana wa Igoma

Mbona hakuna anayezungumzia foreksi ya kwenye simu, ile ya kubashiri bei za fedha za kigeni mtandaoni? Huko huhitaji noti wala duka. Unaweka dola 100 tu.

Kaka Pasiansi

Mdogo wangu, nisikilize, hili limetupitia nyumbani. Mdogo wetu wa mwisho aliingizwa na kundi la mtandaoni lililokuwa linauza "signali", yaani maelekezo ya lini ununue na lini uuze. Broka, yaani kampuni inayokuingiza sokoni, alimpa mkopo wa mara 500. Ana dola 100, lakini anacheza na dola 50,000. Sasa piga hesabu: bei ikienda kinyume chake kwa asilimia 0.2 tu, ile 100 imekwisha. Euro na dola zinatembea kiasi hicho ndani ya asubuhi moja bila habari yoyote kutokea. Hata mtu aliyebashiri sawa kwamba euro itapanda jioni anafungiwa saa nne asubuhi, hela imeshaondoka.

Ulaya ambako kuna usimamizi mkali, mamlaka yao ya masoko ilieleza 2018 kwamba akaunti za watu wa kawaida kwenye mikataba ya aina hii, asilimia 74 hadi 89 zinapoteza. Wakapunguza mkopo usizidi mara 30. Yeye alipewa 500 na kampuni ambayo hatujui hata ofisi yake iko nchi gani.

Aliuza pikipiki iliyokuwa inamlisha mama. Mpaka leo kijiweni kwake amekaa mtu mwingine. Nakuomba sana, kama ni dola 100 kaongeze mtaji wa chipsi.

Kijana wa Igoma

Nimekuelewa kaka. Pole kwa mama. Sasa kwa mtu mwenye milioni moja na nusu, asiye na mzigo wa nje wala mtoto India, hiyo hatifungani anaipataje? Nilidhani ni ya matajiri.

Mwalimu Nyegezi

Siyo ya matajiri mwanangu, kiwango cha chini ni milioni moja. Nenda benki yako au kwa wakala wa soko la hisa na kitambulisho cha NIDA na namba ya akaunti, waambie unataka kufungua akaunti ya CDS, ile inayotunza hatifungani na hisa zako kwa jina lako. Ratiba ya minada inatolewa na Benki Kuu, na tawi lao lipo hapa Mwanza, ukiuliza wanakueleza. Uliza mambo mawili kabla hujasaini: riba ya hatifungani yenyewe, na bei unayoinunulia, kwa sababu kwa kila shilingi 100 za hatifungani siyo lazima utoe 100 kamili, inaweza kuwa zaidi au pungufu. Na laki tano inayobaki usiifunge huko, maana ukipata dharura kuuza hatifungani kunachukua siku na unaweza kuuza kwa hasara.

Vipuri Kirumba

Wabeja sana mwalimu. Wa Bukoba na Ukerewe bado hatujawasikia, hasa wauza mabondo (vibofu vya hewa vya sangara), maana bei yenu inapangwa na wanunuzi wa China na inasikia dola kabla yetu sote. Ilipoporomoka Desemba 2024 mlilipwaje?

Mabondo Nansio

Tulilipwa pungufu kwa kilo ileile, mkuu, wiki hiyohiyo. Ilipopanda tena Aprili, mnunuzi alichukua zaidi ya mwezi kuikumbuka.