Siku moja London na marafiki: matembezi na tamthilia, tupangeje?

Msafiri_Leeds:
Wakuu, habari za saa hizi. Tupo kundi la marafiki tunaosoma Leeds, na Jumamosi moja ya mwezi Juni tunataka kushuka London asubuhi, turudi usiku huo huo. Tumekubaliana mambo mawili tu: kuuona mji na kuangalia tamthilia jukwaani. Zaidi ya hapo kila mtu na lake. Mmoja anataka ngome ya kale ya Tower of London, mwingine makumbusho ya British Museum, wa tatu kasri la mfalme. Halafu mwenzetu mmoja goti linamsumbua, hawezi kusimama muda mrefu, na sitaki aishie kutusubiri kwenye mabenchi siku nzima. Hela ni za wanafunzi. Mliowahi kufanya safari ya namna hii, naombeni mawazo.

Mpenda Jukwaa:
Mdogo wangu, anza na tamthilia, mengine yafuate, kwa sababu hiyo ndiyo yenye saa yake. Kwa bajeti yenu, Juni, nendeni Shakespeare's Globe, ukumbi wa tamthilia za Shakespeare, onyesho la mchana. Ule ukumbi ulifunguliwa 1997, umejengwa kwa kuiga Globe ya mwaka 1599 iliyoungua 1613, pale mzinga uliopigwa katikati ya mchezo ulipowasha paa la nyasi. Tiketi za kusimama uwanjani mbele ya jukwaa ndizo za bei ya chini. Fikeni mapema mshike ukingo wa jukwaa. Unaweka viwiko juu ya mbao na mwigizaji anapita karibu hadi unaona jasho likimtoka shingoni. Huo ukaribu huupati kwenye kiti cha bei mbaya kokote kule.

Matembezi yafanyeni hapo hapo kusini mwa mto: Borough Market, kanisa kuu la Southwark alikozikwa Edmund, mdogo wake Shakespeare, kisha Globe, na jirani yake jumba la sanaa la Tate Modern, ambalo kuingia ni bure. Mkimaliza vukeni daraja la miguu mpaka kanisa kuu la St Paul's. Tower of London ni nzuri sana, lakini inataka nusu siku na tiketi yake si ndogo.

Dada wa Treni:
Naunga mkono onyesho la mchana. Tiketi za treni za bei nafuu zinabana: umekatiwa treni fulani, ukiikosa unanunua nyingine. Tamthilia ya usiku ikichelewa kuisha mtatoka mbio kabla watu hawajamaliza kupiga makofi. Mkishuka King's Cross, chukueni treni ya chini ya ardhi ya Northern line moja kwa moja hadi London Bridge. Kila mtu awe na kadi yake ya benki ya kugusisha kulipia nauli, msichangie moja. Mabasi hayapokei pesa taslimu.

Kijana wa Bloomsbury:
Mimi nitapingana kidogo. Tamthilia za nyimbo na dansi za West End, eneo la kumbi kubwa za maonyesho, ni kitu kingine kabisa, na pale Leicester Square kuna kibanda cha TKTS kinachouza tiketi za punguzo. Asubuhi mngepita British Museum, bure. Ila kwa kundi, kupata viti vya pamoja siku hiyo hiyo ni bahati nasibu, hilo nakubali.

Msafiri_Leeds:
Asanteni sana. Kaka Mpenda Jukwaa, mwenye goti itakuwaje? Na mvua ikinyesha? Na kile Kiingereza cha zamani tutakifuata kweli?

Mpenda Jukwaa:
Mwenye goti mkatieni kiti. Aombe mstari wa nyuma kabisa, apate ukuta wa kuegemea, maana benchi nyingi hazina mgongo. Wapigieni simu watu wa tiketi muwaeleze kuhusu ngazi, na aulize kama kuna nguzo mbele yake. Mvua ikinyesha mchezo unaendelea, na uwanjani, ambako hakuna paa, miavuli hairuhusiwi. Bebeni makoti ya mvua.

Lugha isikutishe. Someni kisa kabla, kwenye treni inatosha. Ikiwa ni Julius Caesar au The Merchant of Venice, mnayo tafsiri ya Mwalimu Nyerere, mnaingia mkijua nani anamsaliti nani. Na jukwaa lile si geni kwa Kiswahili: mwaka 2012, kwenye tamasha la lugha 37, wasanii kutoka Kenya walicheza hapo The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili kitupu. Nikikumbuka hilo nafarijika mpaka leo.

Msafiri_Leeds:
Nimewasomea wenzangu, wamekubali Globe mchana, British Museum tutaifuata safari nyingine. Aliyetaka Tower of London ataridhika kuitazama kwa nje, tukitembea kando ya mto baada ya mchezo. La mwisho: benchi za mbao hizo, mto wa kukalia aje nao?

Dada wa Treni:
Mito inakodishwa pale pale, mdogo wangu. Akodi kabla ya kupanda.