Naomba ushauri: ofisi nne, kila moja na utaratibu wake. Naanzia wapi?

Kigoda (mleta uzi)
Wakuu, habari za majukumu.

Niko kwenye shirika lisilo la kiserikali, la kawaida tu. Makao makuu Dodoma, halafu tuna ofisi Kondoa, Kasulu na Masasi. Tunafanya miradi ya maji na afya ya mama na mtoto. Mimi ni afisa ufuatiliaji na tathmini, ila mkurugenzi kanitwisha na hili: taratibu zetu zote ziwe sehemu moja, kila mtumishi azipate.

Sasa hali yenyewe. Kasulu wana fomu yao ya masurufu (fedha anayopewa mtu kabla ya safari ya kazi), Masasi yao, na Dodoma ipo ya tatu ambayo ndiyo pekee mhasibu anaikubali. Mtu wa Masasi anajaza ya kwake, inasainiwa na mkuu wake, ikifika Dodoma inarudishwa. Safari ya kijijini inaahirishwa. Kwenye Google Drive kuna faili linaitwa "Masurufu_MPYA_mwisho_SAHIHI2" na pembeni yake "Masurufu_MPYA_mwisho_SAHIHI2_TUMIA HILI". Sera ya kulinda watoto ipo matoleo matatu, hakuna hata moja lenye tarehe. Mafaili mengi yamo kwenye Gmail binafsi ya dada mmoja aliyeshaacha kazi.

Yaliyobaki yamo vichwani mwa watu na kwenye grupu la WhatsApp. Mgeni akiuliza mafuta ya pikipiki yanaombwaje, anajibiwa na watu wanne majibu manne.

Mkurugenzi anataka tununue mfumo wa kutunza nyaraka, na kuna mfadhili kaonyesha nia ya kulipia. Ofisini Kasulu mtandao ni wa kubahatisha. Waliowahi kupita njia hii, nisaidieni.

Chumvi_ya_Uvinza
Mkuu, usinunue kitu kwanza. Ukiweka mfumo juu ya vurugu unapata vurugu yenye nywila.

Ingia kwenye hilo grupu la WhatsApp, panda juu miezi kadhaa, chota kila ujumbe unaoanza na "hivi jamani", "nani ana fomu ya", "tunafanyaje". Yanayojirudia ndiyo ya kuandika mwanzo. Hayatakuwa mengi: masurufu, mafuta, posho, manunuzi madogo, likizo, kuripoti tukio la mtoto. Mengine yasubiri.

Pakacha
Mfadhili analipa halafu mnakataa? Nunueni.

Chumvi_ya_Uvinza
@Pakacha mradi ukiisha nani analipa leseni? Nimeona ofisi nyaraka zake zimefungiwa ndani ya mfumo, watu wakarudi kwenye flashi.

mamaNuru
Kaka Kigoda, pole. Mimi ni mhasibu, na ndio sisi tunaolaumiwa kurudisha fomu, kwa hiyo nisikilize kidogo.

Usikimbilie kuchagua fomu moja na kutupa nyingine. Uliza kwanza kila fomu ilizaliwaje. Nilikuwa shirika fulani, ofisi moja ya wilayani fomu yao ilikuwa na safu ya ziada: jina la aliyelipwa, namba ya simu, saini, na saini ya mwenyekiti wa kitongoji. Makao makuu wakaona ni ukaidi. Kumbe watu wa kule wanapanda bodaboda na kununua maji kwa mama wa gengeni, na hao risiti ya EFD (ile mashine ya risiti za kodi) hawana. Ile safu ndiyo iliyokuwa ikiwaokoa mbele ya mkaguzi. Ilipofutwa, marejesho yao yote (hesabu ya fedha ilivyotumika) yakawa na hoja za mkaguzi.

Kwa hiyo pigia simu Kasulu na Masasi kabla hujaandika mstari. Halafu tenga mawili: mambo ambayo lazima yafanane kila ofisi (fedha, ulinzi wa watoto, taarifa za wanufaika) na yale ambayo kila ofisi ijipangie. Nani anashika ufunguo wa stoo Masasi, Dodoma haiwahusu.

Na kila utaratibu uwe na mwenyewe, kwa cheo. "Idara ya fedha" sio mtu. Andika "mhasibu mkuu", ili akiondoka huyu, anayekalia kiti anarithi.

Dereva_wa_Vumbi
Dada umesema kweli. Sisi wa field tunaletewa mwongozo wa kurasa 60 kwa barua pepe, tunaambiwa "someni". Nani anasoma? Niliyowahi kuitumia ni karatasi moja iliyogundishwa ukutani pale tunapochukulia funguo za gari. Ilisema hivi:

KUOMBA MASURUFU YA SAFARI
Nani: yeyote anayesafiri. Lini: siku tatu za kazi kabla.
1. Jaza fomu, ambatanisha ratiba iliyosainiwa na mkuu wa ofisi.
2. Piga picha, tuma kwa mhasibu. Karatasi halisi ije na gari.
3. Ukirudi, marejesho ndani ya siku saba. Bila marejesho hupewa mengine.
Umekwama: mhasibu msaidizi. Imepitiwa: (tarehe). Mwenyewe: mhasibu mkuu.

Basi. Hata umeme ukikatika inasomeka.

Karani_Mstaafu
Wanangu, nimekaa masjala ya serikali mpaka nikastaafu. Mnahangaika na jambo ambalo masjala ililimaliza zamani: kila faili lina namba, kila karatasi ina folio (namba yake ndani ya faili), na karani anajua faili liko meza ya nani. Bwana Kigoda, upe kila waraka namba na tarehe ya toleo. FED/03, toleo la 2. Toleo la zamani usilifute, lihamishie kwenye folda ya kumbukumbu iliyofungwa, maana mkaguzi atauliza mwaka ule mlikuwa mnatumia lipi. Na anayeruhusiwa kubadilisha awe mmoja. Wengine wasome tu.

Wakili_Mdogo
Nyongeza moja. Kama orodha za akina mama na picha za watoto zinapita kwenye hilo grupu, zitoeni huko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na mashirika kama yenu hayako nje yake. Taratibu ziwe wazi kwa watumishi wote, taarifa za wanufaika ziwe kwa wanaohusika tu. Msizichanganye folda moja. Na kuhusu yule dada aliyeacha kazi, mwombeni kistaarabu ahamishie mafaili kwenye akaunti ya shirika sasa, kabla hajaifunga hiyo Gmail.

Kigoda (mleta uzi)
Asanteni sana wakuu. Dada mamaNuru, nimempigia mtu wa Kasulu. Fomu yao ina safu ya saini ya shahidi, sababu ni hiyo hiyo ya bodaboda. Nitaanza na masurufu na mafuta, karatasi moja moja, nakala Drive na nakala ukutani. Mkurugenzi nitamwomba mfumo usubiri. Swali: mhasibu wetu akikataa kuwa "mwenyewe" kwa kuwa kazi ni nyingi?

mamaNuru
Mwambie kila fomu anayoirudisha Masasi ni kazi yake mwenyewe mara mbili. Akikataa bado, mkurugenzi aiweke kwenye majukumu yake ya mwaka, kwa maandishi. Atanuna, ataandika.

Pakacha
Dereva, hiyo karatasi ya ukutani itupie hapa kwenye Word basi.