Heda za stenlesi za Toyota 86: urefu sawa au usio sawa, na je, katalisti ibaki?

Kipanga_86
Ndugu wanajukwaa, ninaendesha Toyota 86 yenye injini ya FA20 ya lita 2.0, na nimeamua kubadilisha heda ya kiwandani, yaani mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda. Sababu ni lile bonde la nguvu ambalo kila mwenye gari hili analifahamu: kati ya mizunguko takriban 3,500 na 4,500 kwa dakika torki hushuka kabla ya kupanda tena, na hapo ndipo ninapoihitaji zaidi nikitaka kulipita lori mlimani. Nimebaki na machaguo matatu: heda ya urefu sawa (mabomba yake yote yana urefu mmoja) yenye katalisti, kile kichujio cha kusafisha moshi, ya urefu sawa isiyo na katalisti, na ya urefu usio sawa, ambayo bei yake ni karibu nusu ya hizo nyingine. Zote zinauzwa kwa jina la stenlesi. Ipi italiziba bonde hilo, na ipi itadumu?

Nyundo_Gerezani
Mkuu, tuanze na umbo. FA20, injini ya Subaru yenye silinda zilizolala pande mbili, huwaka kwa mpangilio wa 1-3-2-4, silinda 1 na 3 zikiwa upande wa kulia, 2 na 4 upande wa kushoto. Kwa hiyo silinda mbili za upande mmoja huwaka zikifuatana, na mabomba yake yakiunganishwa mapema, moshi wa ya pili huukuta wa kwanza bado uko njiani. Heda nzuri ya urefu sawa huyavusha mabomba chini ya injini ili 1 ikutane na 2, na 3 ikutane na 4, kwa kuwa jozi hizo zimepishana mzunguko mmoja kamili wa krankishafti. Baadaye mabomba mawili yanayobaki huungana kuwa moja. Ya urefu usio sawa si mbovu, ila unachokinunua hasa ni mngurumo wa Subaru za zamani, na kwa kawaida unaulipia kwa nguvu kidogo kwenye mizunguko ya juu. Mimi naupenda mngurumo ule, lakini wewe hukuuliza habari ya sauti.

Ongeza gharama ya kurekebisha programu ya injini kwenye bajeti yako. Heda ikifungwa bila kupanga upya uchomaji na muda wa vali, bonde litapungua lakini halitakwisha.

UpepoWaKusi
Kabla ya kulinganisha bei, muulize muuzaji ni stenlesi ya daraja gani. Daraja la 304 lina kromiamu karibu asilimia 18 na nikeli karibu asilimia 8. Daraja la 409, ambalo viwanda vya magari hulitumia sana kwenye ekzosi, lina kromiamu karibu asilimia 11, na huku kwetu Mombasa hubadilika rangi ya kutu juu juu mapema, ingawa chuma chenyewe hakiliwi haraka. Linalonitia shaka ni daraja la 201, ambalo sehemu kubwa ya nikeli yake imebadilishwa kwa manganisi ili kupunguza bei. Wengi hupima kwa sumaku, nayo hukamata 409, lakini haiwezi kukutenganishia 201 na 304. Baadhi ya wanunuzi wakubwa wa vyuma chakavu wana mashine ya kusoma madini, na kipimo chake huchukua sekunde chache tu.

Hata 304 halisi ina tabia yake: hupanuka sana kwa joto. Bomba la sentimita 60 likipata ongezeko la nyuzi 600 hurefuka takriban milimita 6, na pasipo mahali pa kuchezea, nguvu hiyo yote huishia kwenye maungio. Kwa hiyo tazama unene wa flanji (bamba la kufungia heda kwenye injini), usikubali chini ya milimita 10, na uangalie ndani ya bomba kwa tochi: ukiona chembechembe nyeusi zilizovimba kwenye mshono, fundi alichomelea bila kujaza gesi ya agoni ndani, na hapo ndipo ufa utakapoanzia. Daraja la 321, lililoongezewa titani, lina maana kwa gari la turbo. Kwa 86 isiyo na turbo ni anasa.

MkaziWaLeeds
Huku Uingereza swali la katalisti limekwisha kujibiwa, kwa sababu gari lililotoka kiwandani nayo likipelekwa kwenye MOT, ukaguzi wa lazima wa magari, bila kuwa nayo linafeli. Hata pasipo ukaguzi wa namna hiyo ningeibakiza. Katalisti kuu ya 86 imo ndani ya heda yenyewe, na ukiiondoa, sensa iliyo nyuma yake itawasha taa ya injini kwa msimbo P0420, yaani katalisti haifanyi kazi ipasavyo. Taa hiyo inaweza kunyamazishwa kwenye programu, lakini harufu ya moshi mbichi ukiwa kwenye foleni haina programu.

Nyundo_Gerezani
Nakubaliana nawe, kwa tahadhari moja: katalisti ya chuma yenye seli (vijitundu) 200 kwa inchi ya mraba hupitisha moshi kwa wepesi, lakini nayo huweza kuiwasha taa hiyo hiyo.

Kipanga_86
Basi nimeiacha ya bei nafuu, na nitachukua ya urefu sawa yenye katalisti baada ya kuipima madini. Je, niifunge kitambaa cha kuzuia joto, kwa kuwa inapita chini karibu na sampu (bakuli) ya oili?

Nyundo_Gerezani
Usiifunge. Iko chini, itamwagiwa maji ya madimbwi, na kitambaa kitashikilia unyevu na chumvi juu ya mabomba yaliyo moto kuliko kawaida. Rangi ya kauri ni bora. Pima pia nafasi iliyobaki hadi ardhini, maana matuta yetu hayana kipimo kimoja. Weka gasketi mpya, kaza nati kwa kupishanisha, kisha uzirudie injini ikishapoa baada ya safari ya kwanza. Heda ya zamani uondoke nayo mwenyewe siku hiyo hiyo: katalisti yake ina platinamu, paladiamu na rodiamu, na gereji ikijitolea kukutupia, ujue inazijua bei.