Guka aliacha risasi za shotigani kwa stoo, tunazitoa aje bila kuingia taabani?

Mkulima_Njoro

Wadau salamu. Niko na swali na naomba kama uko na mzaha uweke kando kidogo juu hii kitu inamnyima mathe usingizi. Guka, yaani babu yetu, alikuwa na shotigani ya laisensi tangu enzi zile, ya kufukuza nyani wa kutoka upande wa Mau waliokuwa wanamaliza mahindi. Ile bunduki yenyewe haiko, aliirudisha polisi wakati wenye bunduki wote waliitwa wapigwe msasa upya, hiyo ilikuwa mwisho wa 2018 kuingia 2019, na karatasi ya kuirudisha tuko nayo. Guka mwenyewe alishatuacha.

Sasa tunabomoa stoo ya zamani tujenge nyumba ya kuku, fundi akatoa kopo la Kimbo nyuma ya magunia, kufungua hivi ni risasi nusu kopo. Nyingi ni za shotigani, zile za karatasi nyekundu na kitako cha shaba. Zimepigwa na unyevu mpaka karatasi imefura, zingine zimefunguka huku juu unaona vile vigololi vyeusi ndani. Shaba imeshika kutu ya kijani. Kitakoni zimeandikwa Eley Kynoch. Lakini chini kabisa kuna zingine chache refu za shaba zenye ncha, hizo sijui zilitoka wapi juu Guka hakuwa na bunduki ya aina hiyo, ama tuseme hatukuwahi kuiona.

Kaka yangu anasema tutupe kwa choo cha zamani tufukie, jirani anasema tuchome na takataka zingine. Mathe anaogopa tukipeleka polisi tutageuzwa washukiwa. Mnasemaje?

Kondele_Finest

Leteni huku Kisumu tuingize kwa boti tukatupe katikati ya ziwa, mbuta hawana noma 😂

Fundi_Kibuye

@Kondele_Finest mzaha tu sawa lakini kuna mtu atasoma hiyo afanye kweli. Ziwa lina watu wanaovuta nyavu humo kila siku na kile ulichotupa kinaweza panda na omena.

Mimi nachoma na kuyeyusha vyuma, wacha niseme upande wangu. Shaba iko na bei kuliko chuma, kwa hivyo ukitupa hiyo kitu mahali popote, choo, shimo, jalala, siku moja kijana wa kuokota skrepu ataipata, na yeye hajui risasi ya zamani ni nini, anajua kilo. Inakuja imechanganywa na mifereji mibovu na vipande vya betri, na mwenye kuyeyusha hachungulii kila kipande. Ikiingia kwa tanuri inapasuka. Mimi siku hizi shaba yoyote namwaga chini kwanza natandaza kwa gunia na mkono, na nikiona kitu kimefungwa pande zote mbili hainunuliwi kwangu. Na tangu ile 2022 serikali ifunge biashara ya skrepu miezi kadhaa juu ya watu kuiba vyuma vya stima, hakuna mwenye laisensi yake anataka polisi wakikuta risasi kwa yadi yake.

Mstaafu_Menengai

Mkulima pole na msiba wa mzee. Nimefanya kazi ya polisi miaka mingi nikastaafu, nitakueleza polepole.

Kwanza tuliza mama. Risasi za mzee wako hazitalipuka zenyewe zikiwa kwa kopo. Baruti ya ndani inaharibika taratibu kwa unyevu, pengine nusu yake haiwezi hata kulia tena. Shida ni kwamba hakuna mtu anaweza kukuambia kwa macho ni ipi imekufa na ni ipi iko hai, maana ile kutu ya kijani iko nje, ile kofia ndogo katikati ya kitako inaweza kuwa nzima kabisa. Kwa hivyo zote zihesabu kama ziko hai.

Jirani wa kuchoma mwambie asante lakini hapana. Risasi ikiwa nje ya bunduki haina mtutu wa kuielekeza, kwa hivyo haiendi mbali vile watu wanaona kwa filamu. Kinachoruka ni ganda lenyewe likipasuka, vipande vya shaba na ile kofia ya kitako, na watu husimama karibu na moto wa takataka wakikoroga na fimbo. Jicho haliuzwi dukani. Kuloweka kwa maji au mafuta ya taa pia watu husema sana, si njia ya kuaminika, risasi nyingi zimezibwa vizuri na unaweza kuloweka wiki na bado ilie. Kufungua umwage baruti, kugonga, kukata na msumeno, hata usijaribu. Na vile vilivyofunguka usichokore marisau, vile vigololi vya ndani, kwa vidole, hiyo ni madini ya risasi, sumu, hasa kwa watoto. Ukishika nawa mikono.

Sasa hapa ndipo watu hukosea. Kila mtu anafikiria ATAPELEKA. Anaweka kwa mfuko, anapanda matatu Njoro kwenda Nakuru, halafu kuna kizuizi hapo njiani askari anapanda kuangalia mizigo. Wakati huo wewe si raia mwema anayerudisha, wewe ni mtu aliyepatikana na risasi kwa matatu, na maelezo yako utayatoa ukiwa ndani. USIZISOGEZE. Funika kopo, liache palepale kwenye kivuli mbali na moto, funga hiyo stoo, fundi asimamishe kazi, watoto wasikaribie. Halafu mtu mmoja mzima wa familia, awe na kitambulisho na cheti cha kifo cha mzee na hiyo karatasi ya kurudisha bunduki, aende stesheni ya karibu MIKONO MITUPU. Aulize OCS mwenyewe, yaani mkuu wa stesheni, si yule wa kwanza amekaa kwa meza. Aeleze tumepata hivi na hivi kwa stoo ya marehemu, tunaomba mje mchukue. Iandikwe kwa OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, na upewe namba ya OB kabla hujatoka hapo. Wao ndio watakuja.

Wakija, ziwe zinahesabiwa mbele yenu, aina kwa aina, iandikwe, mtie sahihi nao watie. Piga picha ya hiyo karatasi. Basi.

Mkulima_Njoro

@Mstaafu_Menengai shukrani sana mzee. Sasa zile refu zenye ncha? Kaka yangu anasema tutoe hizo kwanza tuzizike, halafu tuite polisi kwa za shotigani peke yake juu hizo ndizo Guka alikuwa na laisensi yake.

Wakili_Mlimani

Hapana hapana hapana. Mkulima, kaka yako ndiye atawatia ndani.

Sheria ya bunduki, Cap 114, kifungu cha 4, hairuhusu mtu kuwa na bunduki AMA risasi bila sitifiketi. Sitifiketi ilikuwa ya mzee, haiwi ya familia kwa sababu mzee amefariki. Kwa hivyo hata zile za shotigani saa hii hamna ruhusa nazo, wacha zile zingine. Kinachowaokoa ni kwamba mmezipata bila kujua na mkaripoti mara moja. Ukishachagua hizi nazitoa hizi nazificha, hiyo habari ya kutojua imeisha, sasa umejua na umeficha. Na fundi aliona kopo lote. Fundi ana mdomo, fundi ana marafiki, siku mtakosana juu ya malipo itakuwaje?

Sema ukweli wote, na siku zinabaki kwa kopo kabla ya kuripoti zisiwe wiki tatu mkishauriana kwa grupu ya familia. Mkipata wakili wa kuandamana nanyi ni vizuri, akikosekana nendeni na chifu au mzee wa nyumba kumi, mtu ambaye kesho anaweza kusema nilikuwepo.

Na kuna watu hungoja msamaha wa serikali. Ile ya Februari 2023 ilikuwa siku tatu, na ilikuwa ya kaunti sita za kaskazini ya Bonde la Ufa, Turkana, Pokot Magharibi, Baringo, Elgeyo Marakwet, Laikipia na Samburu. Nakuru haikuwa ndani. Usingoje msamaha ambao hujui utakuja lini na utagusa nani.

Nyar_Siaya_Minnesota

Mimi niko huku Marekani, huku kitu ka hiyo ni ya kawaida sana mzee wa mtu akifa wanakuta karakana imejaa risasi. Wengi wanapigia polisi wa mtaa simu ile laini ya kawaida si ya dharura wanaulizwa walete ama wangoje, na viwanja vya kulenga shabaha viko na ndoo maalum ya risasi mbovu. Hata mtu anaweza kumpa jirani mwenye bunduki ya saizi hiyo na hakuna neno. Nasema hivi juu mtu anaweza kugugo, apate ushauri wa huku aufanye Njoro. Kumpa jirani risasi hapo nyumbani ni kesi kwenu wawili. Lakini kitu moja inafanana pande zote, hakuna mtu huku anakuambia utupe kwa takataka ama uchome.

Boda_Mbale

Swali, polisi wakishachukua wanazipeleka wapi? Isije ikawa tunarudisha mchana zinauzwa usiku, tusidanganyane wadau.

Mstaafu_Menengai

@Boda_Mbale hofu yako naielewa na siwezi kukuambia kila mtu aliyevaa sare ni malaika. Ndiyo maana nikasema kuhesabu na kutia sahihi. Risasi iliyoandikwa kwa OB na kwa karatasi mbili ina watu wa kuulizwa. Ile iliyochukuliwa kienyeji haina.

Zile moto za Ngong mnaona kwa runinga, 2016 zilichomwa bunduki 5,250, hizo ni bunduki, mbao na chuma. Risasi hazirundikwi kwa kuni namna hiyo. Huharibiwa na watu waliosomea vilipuzi, kwa shimo au kwa tanuri lililojengwa kwa hiyo kazi, mbali na watu. Kumbe hata serikali haichomi na takataka.

Cheptais_Boy

Naongeza kidogo tu. Kama ni kitu kikubwa kuliko risasi, chuma kama chupa kina mabawa ama kina pete, hiyo hata usifunike. Rudi nyuma vile ulikuja, weka alama ya kuonekana kwa mbali, ita watu. Kule Samburu na Laikipia Waingereza walikofanyia mazoezi watu wameumizwa na watoto wamekufa kwa kuokota vitu hivyo, mpaka 2002 Uingereza ikalipa fidia.

Mkulima_Njoro

Mrejesho. Anko mkubwa alienda stesheni na chifu msaidizi, mikono mitupu vile mzee alisema. Ofisa wa kwanza alianza maneno ya "kwa nini mlikaa nazo," anko akatoa ile karatasi ya kurudisha bunduki na cheti cha kifo, akaomba kuonana na mkubwa, sauti ikashuka. Walikuja na gari jioni hiyohiyo. Zimehesabiwa kwa gunia mbele ya mathe, za shotigani upande huu zenye ncha upande ule. Waliuliza sana kuhusu zile zenye ncha, tukasema hatujui na kweli hatujui, wakaandika hivyohivyo. Namba ya OB tuko nayo na picha iko kwa simu ya watu watatu.

Wamesema wanaweza kutuita kuandikisha taarifa. @Wakili_Mlimani wakiita tuende na nani?

Wakili_Mlimani

Yule yule anko aliyeripoti, na wakili safari hii, siyo chifu. Na kaka yako aliyetaka kuzika abaki nyumbani na kuku.

Fundi_Kibuye

Hiyo kopo ya Kimbo walichukua pia ama mnaiweka mafuta? Itupeni bwana, ile kutu na unga wa risasi umo ndani.