Meza ya kuning'inia kichwa chini kwa ajili ya mgongo, nani ashaitumia?

Konda_Mstaafu: Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Naendesha daladala Mbagala - Makumbusho, mgongo wa chini unanitesa toka mwaka jana, maumivu yanashuka tako la kushoto mpaka kwenye kigimbi. Nimepiga MRI, diski imetoka kidogo kati ya L5 na S1, yaani pingili za chini mgongoni, dokta kanipa dawa na mazoezi, upasuaji hajautaja. Sasa shemeji yangu pale Tandika ana ile meza unafungwa vifundo vya miguu halafu unageuzwa kama popo, kila siku ananiita njoo ulale. Nilienda, nikaizunguka, nikanywa soda nikaondoka zangu. Naogopa damu kujaa kichwani, naogopa miguu kuchomoka, naogopa kukwama huku hakuna mtu. Ni uoga tu au kuna kitu cha kuogopa kweli?

MamaWawili_Kijichi: Presha yako ikoje kwanza? Maana nyie madereva mnakula chipsi saa sita usiku halafu mnatuuliza kuhusu meza.

Fizio_wa_Ilala: Mkuu uoga wako una mantiki, ila tuutenganishe. Kukwama na kuchomoka ni suala la kuifunga vizuri na kuwa na mtu pembeni, hilo linatatulika leo leo. Damu kichwani ndio la kuulizia, ukigeuka presha ya mwili inapanda na presha ya ndani ya macho nayo inapanda sana, kwa hiyo mwenye presha, mwenye glakoma (ugonjwa wa presha ya macho), aliyewahi kupata kiharusi, mjamzito, mwenye mifupa dhaifu au anayetumia dawa za kuyeyusha damu asiguse kabisa mpaka daktari wake aseme. Watu wengi hawajui kama wana presha mpaka wapimwe, na kupima ni dakika chache tu, duka la dawa lolote lenye mashine watakupima.

Pili, hakuna aliyekuambia ugeuke wima. Anza na nyuzi 15 au 20, yaani kichwa kimeshuka kidogo tu kuliko miguu, dakika moja, urudi taratibu, ukae kabla ya kusimama maana kizunguzungu kipo. Siku ukizoea unaongeza kidogo kidogo, na wengi wanaishia nyuzi 60, zaidi ya hapo hakuna haja. Kinachotafutwa ni uzito wa mwili wenyewe uvute pingili ziachiane kidogo, mshipa wa fahamu upumue.

Mzee_wa_Data: Mnamjaza matumaini kijana wa watu. Miongozo ya NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, 2016, inasema wasitoe tiba ya kuvuta mgongo kwa maumivu ya chini ya mgongo. Hiyo pesa ya meza bora anunue kiti kizuri cha gari.

Fizio_wa_Ilala: Mzee upo sahihi, na meza ni ya shemeji hanunui kitu 😂. Ila kuna utafiti wa Newcastle hukohuko Uingereza ulitoka 2012, wagonjwa 26 wenye diski moja iliyotoka na maumivu ya mguuni kama ya huyu, wote walikuwa wanasubiri upasuaji. Kwenye kundi la kugeuzwa, 10 kati ya 13 wakaepuka kisu, kundi lingine ambalo halikugeuzwa ni wachache tu. Ni utafiti mdogo sana, mimi sisemi inaponya, nasema mtu mwenye diski kama yake akijaribu kwa usalama sio uchizi. Mazoezi ya dokta asiache hata siku moja, hayo ndio msingi.

MamaWawili_Kijichi: Na ukianza kufa ganzi sehemu za siri au mkojo kukataa kutoka au kujitokea wenyewe, hapo usiongelee meza wala Tandika, ni hospitali usiku huohuo.

Konda_Mstaafu: Aisee mmenifungua. Kumbe nilichokuwa naogopa ni ile picha ya kuning'inia mzima mzima kama nyama buchani. Kesho asubuhi napima presha kabla sijaingia barabarani, ikiwa poa nampigia dokta simu, akiruhusu ndo naenda. Fizio swali moja, hii ya shemeji ina kamkanda chini kanazuia isigeuke zaidi, nakafunga wapi kupata hizo nyuzi 20?

Fizio_wa_Ilala: Ndo hako hako. Kafupishe mpaka mwisho, shemeji akupime kwa macho. Na usiende umetoka kula ubwabwa.