Tupeane uzoefu: kifungo cha nje kilimsaidia ndugu yako, au kilipita tu?

Dada wa Rangi Tatu
Habari za leo, ndugu zangu. Mdogo wangu anachomelea mageti huku Mbagala. Mwaka juzi aligombana na mteja aliyegoma kumalizia hela, akampiga ngumi, yule baba akashonwa nyuzi nne juu ya jicho. Mahakamani alikiri kosa. Sisi tulishajua anaondoka na karandinga, mke wake alikuwa amebeba hadi sabuni na kandambili. Hakimu akasema hasomi hukumu siku ile, anataka kwanza taarifa.

Basi akaja nyumbani afisa wa uangalizi, wa kuandika hiyo taarifa. Alituhoji sisi, akaenda kwa mjumbe, kwa mwenyekiti wa mtaa, akafika hadi kwa yule aliyepigwa. Hukumu ikatoka: miezi sita, aitumikie nje kwa usafi wa zahanati. Aliulizwa kama anakubali, maana bila ridhaa yake haiwezekani.

Kila siku ya kazi saa moja asubuhi anasaini daftari, anapiga deki, anazibua mitaro. Saa tano anatoka, anaenda bandani kwake kuchomelea. Hilo banda amekodi. Angekosekana mwezi mmoja tu mwenye eneo angempa mtu mwingine, na watoto wawili wangekula kwangu.

Adhabu yake ilipofika mwezi wa tatu hivi, yule aliyempiga alimleta mkewe kliniki, akamkuta ameinama na dekio. Hawakukumbatiana, walisalimiana tu. Jioni ile mdogo wangu hakula. Kesho yake alianza kuweka pembeni hela za matibabu aliyomsababishia, akazimaliza kwa wiki saba. Naamini kabisa kwamba angekuwa gerezani asingemwona yule baba usoni, na deni lile lisingelipwa.

Nyie mliyapitia vipi? Hata yaliyoharibika yaleteni.

Mama Wawili, Buguruni
Mwanangu aliambiwa faini laki mbili au miezi sita. Laki mbili sikuwa nazo, nauza chapati. Hadi kikoba kinanikopesha, kijana ameshakaa ndani siku ishirini na tatu. Alirudi na upele mwili mzima na meza yake ya mtumba imeshachukuliwa. Lakini kilichoniumiza zaidi ni marafiki aliotoka nao kule. Mwaka haukuisha akakamatwa na mmoja wao, safari hii kwa kuvunja duka. Kabla ya hapo mwanangu hakuwa mwizi, naapa. Kosa lake la kwanza lilikuwa la kijinga na angeweza kulifagilia barabara likaisha.

Muuza Simu
Mimi naongea kama niliyeibiwa. Kijana wangu wa dukani alibeba simu saba. Akapewa kifungo cha nje, anafyeka nyasi shule moja ya msingi, mchana namkuta kijiweni anakunywa kahawa. Simu zangu hazijarudi na hela sijaiona. Nyie mnasema amefaidika, mimi nimepata nini? Mtu akiona hivi siku nyingine haendi polisi, anaita watu na matairi. Tusijidanganye.

Mzee Mstaafu
Muuza Simu, mwanangu, una haki ya kuumia. Nimefanya kazi hii ya maofisa wa uangalizi miaka mingi, acha nieleze kidogo.

Hiki mnachokiita kifungo cha nje kinatoka kwenye Sheria ya Huduma kwa Jamii, ya mwaka 2002. Inahusu makosa ambayo adhabu yake haizidi miaka 3, au yale ambayo hakimu anaona kifungo kisichozidi miaka 3 kinatosha. Aliyefanya unyang'anyi wa kutumia silaha haguswi na sheria hii, huyo anaanzia miaka 30. Uangalizi wenyewe ni jambo jingine, wa zamani tangu enzi za mkoloni: mtu hafagii popote, anaishi kwa masharti na kuripoti kwa afisa.

Sasa fidia. Hakimu anaweza kuiamuru pamoja na adhabu, lakini mlalamikaji aisemee kabla hukumu haijasomwa, aje na risiti za mali yake. Wengi wanakaa kimya wakidhani itakuja yenyewe.

Na niseme ukweli unaoniuma: nilikuwa na watu wametapakaa toka Kigamboni hadi Chanika, nauli natoa mfukoni. Niliyemtembelea kila wiki alimaliza. Niliyempigia simu tu, mara nyingi alipotea. Kwa hiyo wanaosema adhabu hii haifai, mimi huwauliza kwanza nani alikuwa anamfuatilia.

Muuza Simu
Shikamoo mzee. Hakuna aliyeniambia habari ya fidia. Hata mmoja.

Nilikimbia
Mimi ni mmoja wa hao waliopotea. Nilipangiwa usafi sokoni, msimamizi hakuwahi kujua hata jina langu, siku nyingine daftari lenyewe halipo. Wiki ya tatu nikaacha kwenda, nikaenda kubeba mizigo. Nilidhani wamenisahau. Nikakamatwa nyumbani alfajiri, mke wangu ana mimba ya miezi minane, nikarudishwa mahakamani na kilichobaki nikakimalizia gerezani. Mtoto alizaliwa sipo. Simlaumu mtu, ila ningepata mtu wa kuniuliza "jana mbona hukuja?" ningerudi.

Nesi wa Zamu
Tumepokea wengi kituoni kwetu. Huwa nawapangia kazi inayoonekana, si kuhamisha takataka toka kona hii kwenda ile. Mmoja alipanda miti ya kivuli pale wagonjwa wanaposubiri. Alishamaliza muda wake, bado anakuja kumwagilia.

Mdogo Mtu, Tandale
Jamani, kaka yangu anarudi mahakamani Alhamisi, alikiri kosa la kuharibu mali ya jirani. Tufanye nini?

Dada wa Rangi Tatu
Pole mdogo wangu. Kesho asubuhi nenda kwa mjumbe na mwenyekiti wa mtaa, waambie ukweli wote kabla afisa hajafika. Hapo mnapoishi pajulikane, afisa akiuliza asikose kuelekezwa. Na nendeni kwa huyo jirani leo usiku huu, mkamuulize ameharibikiwa kiasi gani, msingoje mahakama iwaambie. Alhamisi jioni tuandikie hapa.